Suti ya harusi ya mchana Kisumu mwezi wa pili: kitambaa gani, na nimwambie fundi nini?

Mgeni_wa_Bondeni
Wakuu, hamjambo. Kuna harusi Kisumu katikati ya Februari. Kanisa saa nne asubuhi, halafu hema kwenye nyasi mpaka magharibi. Natoka Nakuru alfajiri kwa matatu. Suti iliyopo ni ya ofisini, mchanganyiko wa sufu na poliesta, bitana kuanzia kola hadi pindo. Muda wa kushonesha nyingine upo, na fundi yupo, ila ukimwambia "suti ya joto" anakutolea kitambaa kilekile, safari hii cha rangi ya maziwa. Nichukue kitambaa gani, mita ngapi, na nimpe maagizo gani? Viatu navyo, soksi au bila?

Sindano_na_Uzi
Rangi ya maziwa haitakupoza. Kinachokupika ni poliesta, na mara nyingi imejificha kwenye bitana. Hata kitani safi ukikiwekea bitana ya poliesta mwili mzima, umejifunga mfuko wa nailoni kwa ndani. Kando ya ziwa hewa ina unyevu, jasho halikauki upesi kama huko Nakuru, kwa hiyo tafuta kitambaa kinachonyonya maji na kupitisha hewa.

Chukua kitani, au lineni kama wauzaji wanavyoiita, kilichochanganywa na pamba. Mchanganyiko wa 55 kwa 45 hupatikana na haukunjamani vibaya kama kitani kitupu. Uzito uwe gramu 200 hadi 250 kwa mita mraba. Chini ya hapo ni cha shati: magoti yatatoka matumbo kabla ya keki kukatwa.

Usiamini macho, kwa sababu kuna poliesta iliyofumwa na vinundu ili ifanane na kitani. Omba uzi mmoja mmoja kutoka ukingoni, wa urefu na wa upana, uuchome nje ya duka. Kitani na pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake husagika vidoleni. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na kuacha kitone kigumu cheusi. Choma nyuzi za pande zote mbili. Wengine huchanganya upande mmoja tu.

Kwa mwili wa wastani, kitambaa cha upana wa inchi 60, nunua mita 3 na nusu. Kabla fundi hajagusa mkasi, kitambaa kiloweke usiku kucha, kikauke kivulini, kipigwe pasi kikiwa na unyevu kidogo. Hapa ndipo mafundi wengi hukwepa. Kitani kisichoroweshwa kinaweza kurudi kwa asilimia 5 kikifuliwa, na kwenye suruali ya inchi 42 hizo ni inchi 2 nzima. Suruali iliyokuwa inagusa kiatu sasa inaonyesha kifundo cha mguu.

Maagizo ya koti: bitana iwe ya mabega, sehemu ya juu ya mgongo, na mikono tu. Mikono usiiache bila bitana, shati litakwama kila ukivaa. Kwingine mishono yote ifungwe kwa utepe, maana itaonekana koti likifunguka. Pedi za mabega nyembamba au zisiwepo. Ile karatasi ya gundi inayobandikwa kifuani kwa pasi iwe nyepesi. Nzito, au iliyobandikwa na pasi isiyo na moto wa kutosha, huachia na kufanya malengelenge kifuani. Suruali iwe na rinda moja kila upande, na nafasi ya sentimita 5 kwenye paja ukiwa umesimama.

Jirani_wa_Kibuye
Sindano kasema vizuri, lakini mimi nina shaka na kitani kwa mtu wa kukaa kwenye matatu kutoka Nakuru mpaka Kisumu. Atashuka mapaja yamekunjamana kama kitambaa cha kupigia deki. Kwa safari hiyo sufu nyepesi ni bora: gramu 210 hadi 240, nyuzi zilizosokotwa sana. Ukiining'iniza saa moja mikunjo mingi huanguka yenyewe. Watu wakisikia sufu hufikiria blanketi, ila hii ukiipuliza kwa mdomo unahisi pumzi upande wa pili. Ijaribu hivyohivyo dukani.

Haiuzwi kila mahali, ndiyo maana ningeanza na mitumba. Pale soko la Kibuye, Kisumu, nenda Jumapili asubuhi, geuza koti ndani nje, soma lebo, tafuta lenye bitana nusu. Inua suruali juani utazame sehemu ya kukalia na kati ya mapaja: mwanga ukipenya kama kwenye chandarua, iache. Kwapani nusa, usione haya. Kiuno na urefu hurekebishika. Mabega yakipwaya usinunue, kuyabomoa kunagharimu kuliko koti lenyewe.

Vyovyote utakavyochagua, usisafiri nayo mwilini. Vaa sweta, Kericho asubuhi kuna baridi, ubadilishe ukifika. Koti ligeuze bega moja ndani nje, ingiza bega la pili humo, kunja mara moja juu ya taulo. Kitani kikifika na mikunjo, kinyunyizie maji kidogo, kivute kwa viganja, kiache kwenye hanga.

Kola_Imesimama
Nyote mmesahau shati, na ndilo linaloonekana koti likivuliwa saa saba. Jasho huonekana zaidi kwenye kijivu na samawati isiyokolea. Nyeupe huficha, na mistari pia husaidia. Fulana ya ndani iwe ya kahawia inayokaribia ngozi yako, shingo ya V. Fulana nyeupe chini ya shati jeupe jepesi huonekana mpaka mshono wa mikono. Dawa ya kuzuia jasho ipake usiku uliotangulia kwapa likiwa kavu. Ukiipaka juu ya jasho haishiki, kisha inaliachia shati madoa ya njano.

Ukienda bila tai, mwambie fundi ule ukanda unaoinua kola auwekee kitambaa kigumu cha kutosha. La sivyo kola italala chini ya koti kama sikio la mbuzi.

Viatu: ngozi ya kahawia, bitana ya ngozi pia. "Bila soksi" maana yake soksi fupi za pamba zisizoonekana, omera, si mguu mtupu. Suedi iache, mvua ya jioni ikishuka kwenye nyasi utakuwa umekwisha.

Mgeni_wa_Bondeni
Shukrani, nachukua kitani na hanga. Na suti ya Kaunda ya mikono mifupi? Mzee mmoja ananishauri hiyo.

Sindano_na_Uzi
Mzee ana akili. Haina shati la ndani wala tai, kwa hiyo tabaka mbili zimepungua. Novemba 2023 Spika Wetang'ula aliipiga marufuku bungeni, lakini harusini hakuna spika. Isiwe na bitana kabisa. Mpasuo wa nyuma uwe inchi 7 ili usiikalie, na mikono iishie vidole viwili juu ya kiwiko. Mikono ikiwa mipana sana inasimama kama mabawa, basi ashone, uvae, ukunje mkono, ndipo apunguze.