Mbunge wetu wa Texas katuma ripoti ya kufunga Bunge, wapangaji hatumo hata mstari mmoja

Wakuu, hasa mliopo Texas. Bunge la jimbo lilifungwa tarehe 2 Juni 2025, na mbunge wa eneo letu katuletea barua ndefu ya kutueleza aliyotufanyia huko Austin. Nimeisoma yote. Nimekasirika na sioni sababu ya kunyamaza.

Mwanzo kabisa kuna picha yake na familia ndani ya ukumbi wa Bunge. Chini yake, kwa maandishi manene, anasema amepunguza kodi ya majengo. Ni kweli wamepitisha msamaha, yaani sehemu ya thamani ya nyumba isiyotozwa kodi ya shule, upande kutoka dola 100,000 hadi 140,000, na Novemba 2025 wapiga kura wakaukubali. Lakini msamaha huo ni wa anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe. Sisi wa apatimenti hatumo. Kampuni yenye jengo inatozwa kodi yake kama kawaida, halafu inatupachikia kwenye pango. Yaani tunaolipa ni sisi, nafuu wanapata wengine. Pita kwenye majengo ya kupanga huku kwetu: Wakongo, Warundi, Wakenya, sisi Wabongo. Wangapi wana hati ya nyumba?

Hilo ningelimeza. Kilichonichefua ni alichokificha.

Kuna Muswada wa Seneti namba 38. Gavana Abbott aliusaini 2025, ukaanza kutumika 1 Januari 2026, na kazi yake ni kuharakisha kesi za kumtoa mtu kwenye nyumba. Walipokuwa wanaunadi walisema ni dawa ya wavamizi wanaoingia kwenye nyumba za watu bila mkataba. Sawa, mvamizi atoke. Ila sheria hii inamgusa pia mpangaji halali, mwenye mkataba, aliyechelewesha pango kwa sababu kazini wamempunguzia zamu. Mbunge wetu aliupigia kura ya ndiyo. Kwenye barua yake hautajwi popote.

Jirani yangu, mama wa Bukavu, anafanya zamu ya usiku kwenye ghala. Mwezi wa nne alirudi akakuta karatasi imebandikwa mlangoni, Kiingereza cha mahakama kitupu, siku 3 awe amehama. Alinigongea alfajiri, beji ya kazi bado iko shingoni, nimsomee. Alidhani siku ya nne askari wanamtolea vitu nje. Hakujua kwamba mwenye nyumba lazima kwanza afungue kesi, na kwamba yeye ana haki ya kusimama mbele ya hakimu akajieleza. Alinusurika kwa sababu alipata muda: kanisa likamchangia, akapatikana wa kumwandikia majibu. Muda huo ndio wameamua kuukata, na anayeukata anatuandikia barua ya kujisifu!

Kwenye shule, nyongeza ya mishahara ya walimu nampa, ni jambo jema. Lakini fedha ya msingi kwa kila mwanafunzi ilikaa dola 6,160 tangu 2019, na mwaka 2025 wakaongeza dola 55 tu. Hapo hapo wametenga dola bilioni 1 za kuwalipia watu ada za shule binafsi.

Na jueni kwamba Bunge hili hukaa siku 140 tu, kila baada ya miaka miwili. Baada ya ule wa 2025, mkutano wa kawaida unaofuata ni Januari 2027. Gavana akiita mkutano maalumu, ajenda anapanga yeye. Kura ya mbunge wetu ni 2026, kwa hiyo atarudi kutuomba kabla hajarudi kurekebisha chochote.

Nimepiga simu ofisini kwake. Kijana aliyepokea akaniuliza msimbo wa posta, akasema atafikisha ujumbe. Mimi nataka mbunge aje mwenyewe kwenye apatimenti zetu, jioni watu wa zamu wakiwepo, atuambie kwa nini alipiga ndiyo na kwa nini hakutuandikia.

Wenye uraia, hakikisheni mmejiandikisha kupiga kura. Msio raia nanyi mje, anawawakilisha ninyi pia. Nataka twende ofisini kwake kama kundi, Ijumaa asubuhi. Anayeweza aandike hapa chini, na mwenye gari aseme ana nafasi ngapi.