Gari likizima kwenye motowei ya Uingereza: usitandaze matawi, usiweke pembetatu

Ndugu zangu, habari za majukumu.

Wageni wanaendelea kuingia na wengi wananunua gari la kwanza huku, kwa hiyo hili tuliweke wazi. Nyumbani gari likizima, utingo anakata matawi na kuyapanga barabarani, au dereva anaweka pembetatu nyekundu, halafu jeki inatolewa. Kwenye motowei, yaani barabara kuu za kasi kama M1, M6 au M25, mazoea hayo yanaua. Kanuni za barabara za Uingereza zinasema pembetatu iwekwe mita 45 nyuma ya gari kwenye barabara za kawaida, lakini kwenye motowei isiwekwe kabisa.

Piga hesabu. Maili 70 kwa saa ni takriban mita 31 kila sekunde. Kusimama kutoka mwendo huo kunahitaji mita 96: 21 zinaisha kabla mguu haujagusa breki, 75 ni za breki yenyewe, tena lami ikiwa kavu. Pembetatu ya mita 45 inampa anayekuja sekunde moja na nusu tu. Na wewe unayekwenda kuiweka unatembea kandokando ya malori.

Ukiweza, toka kwenye njia ya kutokea iliyo karibu. Ukishindwa, ingia kwenye bega la barabara (ile sehemu ya pembeni ya kusimama kwa dharura), sogea kushoto kabisa, kata usukani magurudumu yaelekee kushoto, washa taa za hadhari, na usiku acha taa ndogo zikiwaka. Wote mtoke kwa milango ya kushoto. Dereva huku anakaa kulia, upande wa magari yanayopita, kwa hiyo naye avuke kiti cha abiria. Rukeni reli ya chuma mkae nyuma yake, mbali na barabara, wala msisimame mbele ya gari lenu, maana likigongwa litasukumwa huko. Mbwa abaki ndani. Makoti na blanketi viwe sehemu ya kufikika, kwa sababu mtangoja nje hata kama ni Januari.

Tairi usibadilishe mwenyewe, hata pancha ikiwa ya upande wa kushoto. Ngoja fundi.

--- Jibu, kutoka Leicester

Asante sana. Naongeza la kueleza mahali ulipo, maana "niko M6 baada ya daraja" haimsaidii mtu. Kando ya barabara kuna vibao vya bluu vyenye namba ya motowei, herufi na kilomita, mfano M6, A, 351.8. Herufi inaonyesha upande wa barabara, yaani unaelekea wapi. Soma vyote vitatu. Usipokiona kibao, tafuta vinguzo vifupi vya kila mita 100. Mshale wake unaonyesha simu ya SOS iliyo karibu. Simu hiyo ni bure na ni bora kuliko ya mkononi, kwa sababu anayepokea anajua tayari unapigia wapi. Kwa England, National Highways, wasimamizi wa motowei, wanapatikana saa 24 kwa 0300 123 5000.

--- Swali

Je, zile motowei zisizo na bega?

--- Jibu, kutoka Reading

Hapo tafuta eneo la dharura: sakafu ya rangi ya chungwa, kibao cha bluu chenye SOS. Ukifika, piga simu ya hapo, na usirudi barabarani kabla hujapiga tena, ili wakufungie leni ikibidi. Gari likifia katikati ya leni na huwezi kutoka salama, washa taa za hadhari, kaa na mkanda, piga 999, namba ya dharura. Wakijua ulipo wanawasha X nyekundu juu ya leni yako. Ndiyo maana sisi wengine tukiiona X tunahama mara moja, hata kama leni inaonekana tupu: mbele kuna mtu. Kuipuuza ni faini ya pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni. Adhabu ni hiyohiyo kwa kumganda wa mbele au kung'ang'ania leni ya kati wakati ya kushoto iko wazi. Acheni sekunde mbili, mvua ikinyesha nne.

Pia, lori likiwasha indiketa ya kushoto huku halikuambii "pita". Linahama kushoto, basi. Na ukimwona mwenzio amekwama, usisimame kumsaidia, ingawa roho inauma. Gari la pili ni shabaha ya pili. Toka kwenye motowei, tafuta pa kuegesha, kisha piga simu.

--- Jibu, kutoka Leicester

Dalili za mapema nazo zisipuuzwe. Taa ya betri ikiwaka ukiwa njiani, altaneta, inayochaji betri, haifanyi kazi: zima feni na kipasha joto cha kioo cha nyuma, elekea njia ya kutokea, wala usizime injini kabla ya kufika pa salama, huenda isiwake tena. Taa hiyo ikiwaka na sindano ya joto ikapanda pamoja, shuku mkanda wa injini umekatika, kwani kwenye magari mengi unazungusha altaneta na pampu ya maji. Hapo simama mapema, injini itaungua. Kama joto tu ndilo linapanda taratibu, fungulia hita ya ndani hadi mwisho na feni yake, inavuta joto kutoka kwenye injini hadi ufike pa kutokea. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka injini ipoe kabisa.

Mkikata huduma ya kuokolewa njiani, ulizeni mambo mawili: inahusu gari hilo tu au inakufuata wewe kwenye gari lolote, na je, watakufikisha uendako au wataishia gereji ya karibu?