Daraja la reli lina zaidi ya miaka mia, mkaguzi analiangalia akiwa amesimama ukingoni. Hela ya kumfikisha chini yake iko wapi?

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu na nina hasira, mtanivumilia.

Mtu anakaguaje daraja la chuma bila kufika chini yake? Naomba injinia yeyote humu anijibu hilo tu.

Mdogo wangu wa tumbo moja anafanya kazi za njia ya reli huku kwetu Kigoma, sitasema kituo gani wala ameajiriwa na nani maana nataka abaki na kazi yake. Wakiambiwa leo kuna kukagua daraja vifaa vyenyewe ni nyundo, tochi, daftari na kamba ya katani. Jukwaa hakuna, ngazi ya kudumu hakuna, njia ya pembeni ya kutembelea hakuna. Hanesi, ile mikanda ya kumshika mtu asidondoke, ipo moja na mkanda umechakaa mpaka nyuzi zinaning'inia, na hata ingekuwa mpya daraja halina sehemu ya kuifungia. Kwaiyo wengine wanatembea juu kwenye mataruma wanachungulia katikati, wengine wanashuka ukingoni wanaangalia kwa mbali, halafu anatafutwa kijana mwepesi anafungwa kamba kiunoni anaingia kati ya mihimili. Siku hiyo alikuwa mdogo wangu. Chini yake mto, na mito yetu huku mnaijua mamba wapo. Wakati yeye ananing'inia, mkubwa wao anahangaika na simu kuuliza stesheni treni ya mizigo imefika wapi, mtandao unakata.

Na baada ya hapo ripoti ikaandikwa daraja liko hali nzuri. Nani kaliona? Kijana kafika kwenye muhimili mmoja, mingine hakuna mkono wa mtu uliofika. Mdogo wangu kaniambia kwa mdomo wake "kaka mimi nilikuwa naangalia kamba, sikuwa naangalia chuma". Hayo maneno yameninyima usingizi, maana huyo ndio macho ya watu wote wanaopanda treni pale, na macho yote yako kwenye kamba.

Sasa kwa wasioijua hii njia, ni Reli ya Kati, ile ya Dar es Salaam mpaka Kigoma. Mjerumani aliifikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Meli ya Liemba tunayojivunia iliundwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande ikapakiwa kwenye makreti, ikaletwa na reli hii mpaka Kigoma ikaunganishwa upya. Mwaka 1916 Mjerumani anakimbia vita akawa anabomoa madaraja nyuma yake, waliokuja wakayaunga kwa haraka ya vita. Toka hapo kumekuwa na kubadilisha hiki na kuongeza kile, lakini njia ni ileile, ya upana wa mita moja kati ya reli na reli, mito ileile. Halafu kwa wengi wetu siyo historia hii, ndio usafiri wenyewe. Mama anayepanda Kaliua na magunia yake, wa Nguruka na Usinge ambao mvua ikikolea barabara inawagomea, chumvi ya Uvinza, migebuka na dagaa wa kwetu, mawese, wanafunzi wanaorudi shule, wote wanapita juu ya hayo madaraja usiku wamelala.

Kuna watu watasema kuangalia kwa mbali kunatosha kama una uzoefu. Hakutoshi, na ntaeleza kwa nini kwa jinsi nilivyoelezwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi hizo, mzee ambaye ukimtajia daraja anakwambia lina nguzo ngapi.

Daraja la zamani la chuma limeungwa kwa ribiti, vile vipingili vya chuma vinavyopigwa kichwa pande zote mbili kushika bamba. Ribiti iliyolegea huwezi kuiona kwa macho ukiwa mbali, unaigonga kwa nyundo na kidole umekiweka upande wa pili, inayocheza utaisikia kwa kidole na mlio wake ni mfu, haulii kama nzima. Lazima uwe umeifikia. Ufa wa chuma kilichochoka unaanzia pembeni ya tundu la ribiti au kwenye kona, unaanza mwembamba kama unywele, juu yake kuna rangi na vumbi na grisi, bila kupiga brashi na kumulika kwa tochi ya pembeni hauonekani, ukishaonekana kwa mtu aliyesimama ukingoni basi ujue umeshakuwa mrefu. Na kutu. Kutu ina tabia moja mbaya, chuma kikishakuwa kutu kinachukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilicholiwa, kwaiyo ikiingia kati ya bamba mbili inazisukuma zinaachana, ribiti zinavutwa, na huko ndani hakuna anayepaona kutoka mbali. Inapenda kukaa wapi? Pale muhimili unapokalia nguzo, kwenye beringi, ambapo uchafu na majani na mchanga unajaa na maji hayakauki. Yaani pale pagumu kufikika kuliko kote ndio panapooza kwanza.

Na kuna jambo watu wanaona aibu kulisema. Mabehewa ya zamani choo chake kinamwaga moja kwa moja relini. Mkojo una chumvi. Miaka na miaka unadondokea kwenye mataruma na kwenye chuma cha daraja, na huyo kijana anayeingia chini kwa kamba ndio humohumo anamopitisha mikono bila glovu. Hilo peke yake lingetosha mtu mwenye utu kujenga jukwaa.

Haya, hiyo ni juu. Chini ya maji je? Mto ukijaa unachimba mchanga kuzunguka msingi wa nguzo, na maji yakipungua lile shimo linajifukia kwa mchanga laini, ukienda kuangalia kiangazi unaona pako sawa kumbe nguzo imekalia uji. Marekani kwenye jimbo la New York, tarehe 5 Aprili 1987, daraja la barabara kuu juu ya kijito cha Schoharie lilianguka wakati wa mafuriko watu 10 wakafa. Lilikuwa limekaguliwa mwaka mmoja tu nyuma! Lakini hakuna aliyewahi kwenda kukagua nguzo zake chini ya maji. Mto ulikuwa umechimba msingi. Nchi tajiri ile, ukaguzi una makaratasi yote, tatizo ni kwamba mkaguzi hakufika pale ugonjwa ulipo. Sisi tuna mto Malagarasi, tuna mabwawa na tope na mamba, mzamiaji hawezi kuingia, basi inunuliwe boti na kile kifaa cha kupima kina cha maji kwa sauti, au hata fimbo ndefu na kamba nyembamba yenye kizito cha madini ya risasi inayoshushwa kutoka kwenye jukwaa salama baada ya kila masika, na vipimo viandikwe vilinganishwe na vya mwaka jana.

Na mfano wa upande wa pili, ili msiseme nahubiri vifo tu. Memphis, Marekani hukohuko, daraja la barabara kuu namba 40 juu ya mto Mississippi. Mwezi Mei 2021 wakaguzi walifika karibu na muhimili mmoja wakakuta umepasuka karibu kuachana. Daraja likafungwa palepale, likakaa bila gari mpaka mwishoni mwa Julai na Agosti mwanzoni likitengenezwa, hakuna aliyekufa. Baadaye picha za miaka ya nyuma zikaonyesha ule ufa ulikuwepo siku nyingi, mkaguzi aliyekuwa anapita hapo akafukuzwa kazi. Mimi nachojifunza ni kwamba kufika peke yake hakutoshi, mtu afike akiwa ametulia, ana muda, anasimama mahali pa kumfanya afikirie chuma. Mtu aliyefungwa kamba ya katani juu ya mto hana hiyo nafasi. Mkimnyima jukwaa mmemnyima na macho.

Sasa tuje kwenye hela maana ndio nimekuja nayo.

Wakubwa wanasema bajeti ndogo. Sawa, tuangalie. Toka mwaka 2015 kuna tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo unaoingia nchini, ndio ilivyoanza, na anayeilipa mwisho wa siku ni mimi na wewe tukinunua bati, betri na spea ya pikipiki. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kufufua reli hii ya zamani pamoja na madaraja yake, nikafurahi, lakini mradi ulikuwa wa Dar es Salaam mpaka Isaka. Mkiangalia ramani, Isaka ni njia ya kwenda Mwanza. Treni ikifika Tabora mradi unakata kulia, sisi wa Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza mpaka mwisho wa reli tukabaki na tulichonacho. Njia ya Mpanda nayo hivohivo. Ule mkopo siupingi, kule Kilosa tuliona mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalivyobeba tuta na reli ikafungwa miezi, palihitaji hela. Nauliza zamu yetu lini.

Na barabara wao wana Mfuko wa Barabara, kila lita ya mafuta inakatwa na sheria inasema sehemu kubwa ya hiyo hela ni ya matengenezo, siyo ya kujengea kipya. Reli nataka nione kitu cha namna hiyo, mstari kwenye bajeti ulioandikwa ukaguzi wa madaraja na vifaa vya kuyafikia, ambao mtu hawezi kuuchukua akanunulia tairi za gari la ofisi. Maana mnajua inavyokuwaga, matengenezo ndio ya kwanza kukatwa, hakuna anayekata utepe kwenye ngazi ya mkaguzi.

Najua jibu mnalokuja nalo: SGR, ile reli mpya ya kisasa, inakuja, hii ya zamani ya nini. Nimelisikia mpaka nimechoka. Mkataba wa SGR Tabora Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, kilomita 506 ukijumlisha na njia za kupishania, naiombea ifike na siku ikifika ntapanda. Lakini wiki hii watu wanapanda nini? Mwezi ujao je? Daraja halijui kama lina mrithi njiani, treni ikipita linabeba. Tena kadri mnavyosema "linakaribia kuachwa" ndivyo mnavyoacha kulihudumia huku mzigo bado uko juu yake, hicho kipindi cha katikati ndio cha kuogopa kuliko vyote. Na hiyo SGR yenyewe ina madaraja, marefu kuliko haya. Naomba mtu aulize sasaivi kabla zege halijakauka, kila daraja jipya lina njia ya mkaguzi ndani ya mchoro? Ina vishikizo vya kufungia hanesi? Kuweka wakati wa kujenga ni hela ndogo, kuja kuweka baadae ni mradi mwingine na tenda nyingine na miaka mingine.

Ninachodai siyo maajabu. Njia ya pembeni yenye vyuma vya kushikilia kwa mkono kwenye kila daraja refu, pamoja na vibanda vya mtu kujibanza treni ikimkuta katikati. Ngazi ya chuma ya kushukia kwenye kichwa cha nguzo. Vishikizo vya hanesi vilivyopimwa. Kiberenge kimoja chenye mkono wa kushuka chini ya daraja kikiwa na kikapu, kimoja tu kizunguke Tabora, Mpanda, Kigoma. Redio zinazoshika porini, na njia ifungwe rasmi kwa maandishi wakati watu wako chini, siyo kwa kubahatisha simu. Hili la usalama wala siyo hisani, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo toka 2003, mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi mahali salama pa kufanyia kazi. Daraja ni mahali pa kazi. Mtu anayeingia mule ana mke na watoto Kazuramimba au Usoke.

Na ripoti ziandike ukweli. Sehemu ambayo mkono haukufika iandikwe HAIKUFIKIWA kwa herufi kubwa, isiandikwe nzuri. Hilo halihitaji hata shilingi moja, linaweza kuanza kesho asubuhi, na nadhani likianza hela ya majukwaa itapatikana haraka maana hakuna bosi atakayekubali kusaini karatasi yenye HAIKUFIKIWA ukurasa mzima halafu aruhusu treni ya abiria ipite.

Wabunge wetu wa Kigoma, Tabora na Katavi, wengine tunajua mnapitaga humu kimyakimya. Kamati ya Miundombinu ikikaa muulize swali moja, madaraja mangapi kati ya Tabora na Kigoma yana njia salama ya mkaguzi kufika chini, na ambayo hayana yatapata lini na kwa hela ipi. Mjibiwe kwa namba, daraja kwa daraja.

Na nyie mnaokaa karibu na madaraja, mkiona nguzo imeanza kuachwa wazi na maji, au tuta limekatika, au ribiti imedondoka chini, piga picha weka hapa na jina la stesheni ya karibu na tarehe. Piga kutoka ukingoni, tafadhalini msipande juu, treni za mizigo huku hazina saa.

Mods naomba uzi usiunganishwe na ule wa nauli, hili ni jambo jingine.