Kifundo cha mguu bado kigumu baada ya upasuaji: mazoezi niyasukume kwa kiasi gani?

Mchechemeaji ameandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nilivunjika kifundo cha mguu wa kulia, mfupa wa nje pamoja na wa ndani, nikafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma na skrubu. Kwa wiki sita za mwanzo sikuruhusiwa kukanyaga kabisa. Baadaye picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa unaunga vizuri, nikaanza kukanyaga kidogo kidogo nikiwa na buti la tiba na magongo, na sasa nimeingia mwezi wa nne nikitembea kwa viatu vya kawaida.

Kinachonisumbua ni kwamba kifundo hakikunji. Nikichuchumaa au nikishuka ngazi, kisigino huinuka mapema na nahisi kitu kimegota mbele ya kifundo, kama mlango uliokwama kwenye fremu. Ikifika jioni mguu unavimba hadi alama za soksi zinabaki zimechimbika kwenye ngozi. Nahudhuria fiziotherapia mara moja kwa wiki, na mazoezi mengine nayafanya nyumbani kama nilivyoelekezwa.

Naomba kufahamishwa na waliopitia hali hii, au wenye taaluma: maumivu ya mazoezi yavumiliwe hadi wapi? Uvimbe wa jioni ni dalili kwamba naharibu kazi ya daktari? Na ugumu huu huisha, au ndio hali yangu mpya?

Mzee wa Magongo amejibu:

Pole sana, ndugu yangu. Nilipita njia hiyohiyo, na kuhusu uvimbe nikutoe wasiwasi: kwangu uliendelea muda mrefu hata baada ya kuacha magongo, na daktari wangu aliniambia kwamba kwa upasuaji wa kifundo ni jambo la kawaida uvimbe kuendelea kwa miezi sita, na wakati mwingine hata mwaka mzima. Nilikuwa nikilala chali kila nirudipo nyumbani, mguu ukiwa juu ya mito hadi upite usawa wa moyo, maana kuuweka kwenye kigoda ukiwa umeketi hakusaidii sana.

Kuhusu maumivu, ushauri wangu ni kwamba usijihurumie. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi nilikuwa nauma meno na kuendelea, na leo napanda na kushuka ngazi bila kushika popote.

Mtaalamu wa Viungo amejibu:

Nashukuru kwa ushuhuda wa mzee wetu, na nakubaliana naye kuhusu uvimbe na namna ya kuinua mguu. Kwa heshima, hata hivyo, hapo pa kuuma meno natofautiana naye, kwa sababu nimehudumia wagonjwa wengi waliofanya hivyo, mguu ukawavimba zaidi, wakalazimika kupumzika siku kadhaa, na mwisho wakawa nyuma ya wale waliokwenda taratibu.

Kipimo ninachowapa wagonjwa wangu ni hiki. Maumivu ya mvuto, ambayo ungeyapa alama tatu au nne kati ya kumi na ambayo hutulia muda mfupi baada ya zoezi, yanakubalika. Hukumu yenyewe itoe kesho yake asubuhi: ukiamka mguu ukiwa umerudi katika hali ya jana asubuhi, kiasi cha mazoezi kilikuwa sahihi, na unaweza kuongeza kidogo, ukiamka umevimba na kukakamaa kuliko jana, punguza idadi ya marudio, lakini usiache kabisa. Uvimbe wa jioni ambao usiku unaupunguza si dalili ya kuharibu chochote. Damu na majimaji hupata shida kupanda kutoka mguuni wakati misuli ya tafu, ambayo ndiyo pampu yake, imesinyaa kwa kukaa bila kazi.

Sasa nije kwenye kugota, maana hapo ndipo penye shina la malalamiko yako. Mfupa wa talasi, ambao hukaa kati ya mifupa miwili ya muundi kana kwamba umebanwa pande zote mbili, ni mpana zaidi upande wa mbele kuliko wa nyuma. Unapokunja kifundo kuelekea juu, ile sehemu pana huingia katika nafasi hiyo na kuijaza. Mguu ukikaa wiki nyingi bila kukunjwa, mfuko wa kiungo na makovu ya ndani hukaza, talasi haitelezi kurudi nyuma inavyopaswa, na misuli ya tafu nayo hufupika. Ndiyo maana kunyoosha wayo kwenda chini hurudi mapema, ilhali kukunja kwenda juu huchelewa. Kutembea kawaida kunahitaji takriban nyuzi 10 za mkunjo huo, na kushuka ngazi kunahitaji zaidi. Asiyekuwa nazo huanza kuugeuza wayo nje ili aupite mguu wake kwa pembeni. Jitazame mbele ya kioo, kwa sababu tabia hiyo huingia bila mwenyewe kujua, na kuiondoa baadaye ni kazi kuliko kunyoosha kifundo chenyewe.

Zoezi ambalo ningeliweka mbele ya mengine yote ni la goti na ukuta, ambalo pia ndilo kipimo chako. Simama ukiutazama ukuta, kidole gumba cha mguu kikiwa karibu nao, kisigino kikiwa kimegandama sakafuni, kisha peleka goti mbele, juu ya kidole cha pili, hadi liguse ukuta. Likigusa kwa urahisi, rudisha wayo nyuma kidogo na urudie. Pale kisigino kinapotaka kuinuka ndipo mpaka wako wa leo. Pima umbali kutoka kidoleni hadi ukutani kwa sentimeta, pima na mguu mzima, na uandike tofauti mara moja kwa wiki. Kupima kila siku humvunja mtu moyo bure, kwa kuwa uvimbe wenyewe hubadilisha jibu.

Tafu linyooshwe kwa namna mbili, goti likiwa limenyooka na goti likiwa limekunjwa, kwa sababu misuli ya hapo ni miwili na mmoja tu ndio unaovuka goti. Halafu iongezewe nguvu: inua visigino kwa miguu yote miwili ukiwa umeshika meza, baadaye panda kwa miwili na ushuke polepole kwa mmoja, na mwisho panda kwa mmoja peke yake. Wengi hufurahia kutembea bila kuchechemea wakadhani wamemaliza, kumbe hawawezi kuinua kisigino kimoja hata mara tano. Kukimbia kusubiri hadi nguvu hiyo ikaribie ya mguu mzima, na kwa idhini ya daktari aliyekupasua.

Usawa pia ufanyiwe kazi. Simama kwa mguu uliopasuliwa karibu na ukuta, macho yakiwa wazi, na baadaye yakiwa yamefumbwa. Utashangaa jinsi kifundo kinavyotetemeka, kwani kujeruhiwa na kukaa bila kukanyaga huvuruga taarifa zinazopelekwa kwenye ubongo kuhusu mahali mguu ulipo.

Mchechemeaji ameandika:

Mtaalamu, nashukuru sana, na mzee wangu pia nashukuru. Nimejipima: mguu mzima unaacha upana wa kiganja kati ya kidole na ukuta, na uliopasuliwa unaacha vidole viwili tu. Nimejitazama kwenye kioo pia, na kweli wayo unageukia nje. Swali moja limebaki: je, chuma nilichowekewa ndicho kinachozuia? Watu wananiambia nikitoe.

Mtaalamu wa Viungo amejibu:

Mara nyingi sicho. Katika uvunjikaji kama wako, chuma hukaa ubavuni mwa mfupa, nje ya njia ambayo talasi hupita, na wengi huishi nacho maisha yao yote. Hutolewa kikisugua ngozi au kiatu, kikiwa na maambukizi, au kwa sababu nyingine ambayo daktari ataiona. Ila muulize kama uliwekewa skrubu inayopita katika mifupa yote miwili ya muundi, kwa kuwa hiyo baadhi ya madaktari huiondoa baada ya miezi kadhaa.

Unaweza kumsaidia kwa kumweleza unahisi nini pale unapofika mpaka wako ukutani. Mvuto ukiwa nyuma, kwenye tafu na kano ya kisigino, hiyo ni kazi ya mazoezi na muda. Ukihisi kubanwa kwa mbele, mwombe mtaalamu wako wa fiziotherapia aisukume talasi nyuma kwa mikono kabla hujafanya zoezi lenyewe. Ikiwa kubanwa huko ni kukali, ni kwa ghafla, na wiki za kazi hiyo hazileti mabadiliko hata kidogo, daktari aombwe picha nyingine.

Kuna mambo ambayo hayasubiri miadi. Tafu likivimba na kuuma upande mmoja, likawa jekundu au la moto, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda damu imeganda kwenye mshipa. Ukiongezea maumivu ya kifua au kukosa pumzi, hiyo ni dharura. Kidonda kutoa usaha, au homa, vivyo hivyo. Na maumivu ya kuunguza yasiyolingana na jeraha, yakiandamana na ngozi kubadilika rangi, kutoka jasho upande mmoja au kutovumilia hata kuguswa na shuka, yaelezwe mapema, kwa sababu hali hiyo hutibika vizuri zaidi ikianza kushughulikiwa mwanzoni.

Kwa leo anza na ule wayo: hatua fupi, vidole vikielekea mbele, hata kama itakubidi utembee polepole kuliko ulivyozoea. Vidole viwili vikiwa vitatu, rudi utueleze.