Naomba ushauri: kupeleka wanafunzi kisiwa cha Pate
Asalaam aleikum ndugu zangu, nafundisha historia hapa Mombasa na likizo ya Agosti nataka nipeleke wanafunzi Pate, maana wao wanaijua Fort Jesus tu, mji wa Siyu huko Pate, ambako mtawala wake Bwana Mataka alilikatalia jeshi la Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, miaka ya 1840, hawajawahi hata kusikia na inaniuma kweli. Kutoka Lamu najua boti hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yakijaa, yakitoka mnakwama hapo katikati ya mikoko, halafu mnashukia gati ya Mtangawanda, Pate. Wenyeji nishaurini, tulale Siyu au Faza? Na Shanga, kule kulikochimbuliwa misikiti ya tangu karne ya 8, watoto wa miaka 14 watafika kwa mguu kutoka Siyu? Pia natafuta mzee wa Kibajuni awasimulie, nimpate vipi?