Alteneta ya IST: mpya ya boksi, mtumba au nitengeneze?

Mama_Pasua
Wakuu habari za jioni. Nina Toyota IST, injini 1NZ-FE. Naishi Moshi, kazi zangu ziko Arusha. Juzi usiku nimefika Kikatiti taa nyekundu ya betri ikawaka, nikapuuza. Usa River taa za mbele zimekuwa kama kibatari, na kabla sijafika Tengeru gari likazima. Betri ina miezi miwili tu! Fundi anasema alteneta, ile inayochaji betri gari likiwaka, imekufa, ninunue mpya. Dukani ipo kwenye boksi la Denso, bei inakaribiana na mtumba wa Japani. Nichukue ipi?

Mchuga_Halisi
Pole dada. Fundi alipimaje?

Mama_Pasua
Alichomoa kichwa cha betri gari likiunguruma. Likazima. Akasema "si umeona".

WayaMbili
Aisee! Mwambie asirudie. Ukichomoa betri injini ikiwaka, umeme unaweza kuruka juu ghafla ukaunguza kontroo boksi (kompyuta ya gari), na hapo alteneta itakuwa tatizo dogo.

Tumia mita ya volti. Betri iliyojaa, gari limezimwa, isome kama volti 12.6. Washa gari: 13.8 hadi 14.5. Kisha washa taa kubwa na feni, isishuke chini ya 13. Ikibaki kwenye 12 na kuzidi kushuka, haichaji. Hata hapo usikimbilie dukani. Kagua mkanda, fyuzi kubwa, waya wa arthi (wa hasi kwenda kwenye bodi) na plagi ya nyuma ya alteneta. Nimeshaona mtu kanunua alteneta mbili, kumbe arthi imeliwa na kutu.

Mzee wa Probox
Boksi halichaji betri, mama. Maboksi yanachapishwa popote. Mpya ya bei ya mtumba mimi siigusi, bora mtumba halisi. Ila usibebe kwa macho: zungusha puli kwa mkono, ikikwaruza au ikicheza iache. Linganisha na yako plagi, mifereji ya puli, matundu ya bolti na ampia zilizoandikwa kwenye kibandiko. Na muuzaji akubali kuipokea ikigoma.

Binti_Kibosho
Kwani mmeshaifungua hiyo ya zamani? Yangu nilibadilisha kaboni (zinazopeleka umeme kwenye rota, ile sehemu inayozunguka ndani) na aisi (inayodhibiti chaji) tu, mwaka wa pili huu. Ya kiwandani ikiwa rota na koili ni nzima, kuitupa ni hasara.

Mama_Pasua
Mrejesho. Nimeenda kwa fundi umeme mwingine, wa Majengo. Mita: 12.3 limezimwa, 12.1 likiwaka. Mkanda mzima, fyuzi nzima, arthi tumeisugua, bado. Akaifungua mbele yangu. Kaboni moja imebaki kama punje ya mchele! Rota kaipima, anasema nzima. Beringi ya nyuma inalia.

WayaMbili
Ringi za rota, pale kaboni zinaposugua, je? Zikiwa na mfereji wa kina, kaboni mpya zitaisha haraka.

Mama_Pasua
Zimelika kidogo, kasema zinasafishika. Kaboni na beringi nanunua kesho asubuhi. Ya IST ni namba ngapi?

Mzee wa Probox
Usikisie. Namba imeandikwa kwenye beringi yenyewe, nenda nayo mkononi. Na kaboni wachomelee vizuri, ukifunga pima tena kabla hujamlipa.