Mawakala wa tiketi Dodoma, acheni kudanganya wagonjwa! Dodoma–Mumbai si safari ya masaa sita

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Mama anasumbuliwa na uti wa mgongo, kukaa muda mrefu ni mateso kwake. Ndiyo maana nilipofika kwa wakala hapa mjini, kabla hata ya bei niliuliza safari nzima hadi Mumbai inachukua muda gani. Akabofya kompyuta, akanichapia karatasi: kilomita 4,900 na ushee, masaa sita. Miadi ya daktari tukaipanga kwa kufuata karatasi ile.

Hayo masaa sita yanatoka wapi? Programu inachora mstari mmoja kutoka uwanja wa Dodoma hadi wa Mumbai, inagawanya kwa mwendo wa ndege ikiwa angani, tuseme kilomita 850 kwa saa, kazi imeisha. Haiulizi kama kuna ndege inayopita hapo. Na haipo! Lazima ushukie Dar. Tena ukipitia Dar umbali hauongezeki sana: kama kilomita 390 hadi Dar, halafu 4,700 hivi hadi Mumbai. Muda wote unaliwa mkiwa chini.

Tuliondoka Dodoma asubuhi, ndege ya Mumbai ni usiku. Tiketi alizotukatia ni mbili zisizohusiana, kwa hiyo mabegi mnayachukua wenyewe Terminal 2 ya uwanja wa Dar, ya ndege za ndani, mnatafuta usafiri, mnayapeleka Terminal 3, ya ndege za nje. Kijana aliyemsukumia mama kiti cha magurudumu aliishia mlangoni. Mama alishinda kwenye kiti cha chuma, kanga imekunjwa nyuma ya kiuno, miguu imevimba mpaka tukamvua viatu. Kila baada ya muda ananiuliza, "Si mlisema masaa sita, mwanangu?"

Na India wako mbele yetu kwa masaa mawili na nusu. Hilo nalo wakala hakuligusa. Tunatoka uwanjani Mumbai, miadi imeshapita. Kusubiri nafasi nyingine ni hoteli, chakula na teksi, pesa ambayo ukoo ulichangishana kwa ajili ya matibabu.

Tuliporudi nikamfuata ofisini. Ananijibu eti mfumo ndio ulivyoandika. Mfumo! Tiketi umekata wewe, saa ya kuondoka na ya kufika unaziona hapo kwenye skrini!

Na asije mtu kuniambia nisubiri Msalato, uwanja mpya wa ndege wa hapa Dodoma. Njia ya kurukia ya kilomita 3.6 ni jambo jema kwa mji wetu, ila haimaanishi kesho kuna ndege ya moja kwa moja kwenda Mumbai.

Namtaka wakala yeyote anayemkatia mgonjwa tiketi amwandikie saa ya kutoka Dodoma, muda wa kusubiri Dar, na saa ya kufika kwa saa za huko. Akate tiketi moja inayounganisha, mabegi yaende yenyewe.

Wenye karatasi kama yangu ziwekeni hapa. Na mwenye kujua sheria anisaidie: gharama za Mumbai naweza kumdai huyu bwana, na naanzia wapi?